Kitabu Kimefika Wapi? Hotuba kwa Wachapishaji na Wahariri wa Vitabu vya Kiswahili, Kampala

Waheshimiwa wachapishaji, wahariri wenzangu, waandishi, wachoraji, wasanifu wa kurasa, na ninyi wapiga chapa mliofunga milango Nasser Road mkaja kutusikiliza, hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumzie programu za mtandaoni za kusimamia kazi, na namna ofisi ya uchapishaji inavyoweza kuzitumia. Nimelipokea ombi hilo kwa moyo mkunjufu, kwa sababu kazi yangu ni kuratibu utoaji wa vitabu, na kila asubuhi naulizwa swali lile lile na mwandishi, na mkurugenzi, na muuza vitabu, na mwalimu mkuu wa shule: kitabu kimefika wapi? Jibu la kweli likikosekana, fedha zinapotea na muhula unaanza wanafunzi wakiwa mikono mitupu.

Angalieni kazi yetu ilivyokua. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Kwa muda mrefu jambo hilo lilibaki kwenye karatasi. Mwaka 2020 ukaanza mtaala mpya wa sekondari ya chini, na Kiswahili kikawa miongoni mwa masomo ya lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tangu hapo tunaombwa kitabu cha mwanafunzi, mwongozo wa mwalimu, vitabu vya ziada vya kusoma, vitabu vya mazoezi. Wahariri wa Kiswahili tulio nao Kampala mnawajua kwa majina, hawajazi ukumbi huu. Kwa hiyo kitabu kimoja tunakishonea sehemu nyingi. Mwandishi yuko Mbarara, mhakiki yuko chuoni Makerere, mhariri wa lugha yuko Zanzibar au Nairobi, mchoraji yuko Jinja, msanifu anafanyia kazi chumbani kwake Ntinda, na mpiga chapa huenda yuko mtaa wa tatu kutoka hapa au yuko India. Watu hao hawajawahi kukaa meza moja. Wengine hawajawahi hata kuonana.

Kinachowaunganisha ni WhatsApp, na mimi siidharau WhatsApp. Bila hiyo nusu ya vitabu vyetu visingetoka. Lakini nataka niwaonyeshe kwa karibu mahali inapotuangusha.

Ofisi moja ninayoifahamu, ambayo sitaitaja, ilikuwa inatoa kitabu cha mwanafunzi. Katika sura ya sita kulikuwa na kifungu cha ufahamu kuhusu Mbale, na kifungu kiliiita Mbale manispaa. Mwandishi akakumbuka kwamba Mbale imekuwa jiji tangu Julai 2020. Akatuma ujumbe wa sauti kwenye kikundi: badilisheni kifungu, na maswali mawili yaliyo chini yake, kwa sababu yanauliza kuhusu kazi za manispaa. Mhariri akasikiliza, akaweka alama ya dole gumba. Siku chache baadaye msanifu wa kurasa akapata kazi kwingine, akaja mwingine, akaingizwa kwenye kikundi. Ujumbe ule ulikuwa umekwishapita, kwake haukuwapo. Akapanga kurasa kwa faili alilopewa. Msoma prufu, yaani nakala ya majaribio kabla ya kuchapa, akasoma, na kwa upande wake hakukuwa na kosa: tahajia safi, nukta zimekaa mahali pake, namba za kurasa zinafuatana. Kitabu kikaenda kiwandani na Mbale yake ya manispaa. Nakala zilipofika ghalani ndipo mwandishi alipofungua ukurasa ule. Wafanyakazi wakakaa chini kubandika kikaratasi cha masahihisho ndani ya kila nakala, kwa gundi na kwa mkono, wakati magari ya wanunuzi yakisubiri nje.

Nataka muone jambo moja katika kisa hiki: hakuna aliyezembea. Mwandishi alisema kwa wakati. Mhariri alisikia. Msanifu alifanya alichopewa. Msoma prufu alifanya kazi yake. Kilichokosekana ni mahali pamoja ambapo uamuzi kuhusu kitabu kile umeandikwa, na jina la mtu mmoja aliyepaswa kuutekeleza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaouza vitabu tumekuwa tukitengeneza mali yetu bila daftari.

Programu ninazozizungumzia ni daftari hilo. Mawazo yaliyomo ndani yake ni ya zamani kuliko intaneti. Mmarekani Henry Gantt alieneza chati za mistari za kupangia ratiba mwanzoni mwa karne ya 20. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Taiichi Ohno wa kampuni ya Toyota huko Japani alianzisha kadi zinazosafiri na vipuri kiwandani, ili kila mtu aone kazi iko hatua gani na kituo kinachofuata kinahitaji nini. Kadi hizo zinaitwa kanban. Programu ya Basecamp ilipotoka mwaka 2004, na baadaye Asana, na Trello mwaka 2011, mambo hayo yakahamia kwenye kioo cha kompyuta na cha simu. Ukifungua ubao wa Trello unaona safu zimesimama wima, na ndani ya kila safu kuna kadi. Kazi ikisonga, kadi inavutwa kwenda safu inayofuata. Ndiyo yote. Anayeweza kutumia WhatsApp anaweza kuvuta kadi.

Ugumu uko kwenye kuamua kadi iwe nini na safu ziwe nini. Hapo ndipo ofisi nyingi zinakosea, kwa hiyo nitakaa hapo.

Kadi moja iwe kitabu kimoja. Nimeona mbao ambazo kila kazi ndogo ina kadi yake: "piga simu kwa mchoraji", "chapisha prufu", "tafuta bahasha". Baada ya mwezi ubao una kadi mia mbili na hakuna anayeutazama. Muuza vitabu haulizi habari za bahasha. Anauliza kitabu. Kazi ndogo ndogo ziingie ndani ya kadi ya kitabu, kwenye orodha ya kukagua, ambapo zinawekewa alama moja baada ya nyingine.

Safu nazo zifuate mikono ambayo kitabu kinapita katika ofisi yako. Usinakili ubao wa kampuni ya kompyuta wenye safu tatu za "bado", "inaendelea" na "tayari". Kitabu chetu "kinaendelea" kwa miezi minane. Neno hilo halimwambii mtu kitu. Andika safu kama kazi ilivyo: muswada umepokelewa, kwa wahakiki, uhariri, kwa mwandishi, michoro, usanifu wa kurasa, prufu ya kwanza, prufu ya pili, kwa Kituo cha Kitaifa cha Ukuzaji Mitaala kama ni kitabu cha shule, kiwandani, ghalani. Majina hayo unayaandika mwenyewe, kwa hiyo yaandike kwa Kiswahili tunachosemeana ofisini.

Safu ya "kwa mwandishi" msiiache. Katika ofisi nyingi kitabu kikirudishwa kwa mwandishi kinahesabiwa bado kiko kwa mhariri, na mhariri ndiye anayelaumiwa kwa ucheleweshaji. Ukikipa safu yake, unaona kweli kitabu kimekaa wapi na kwa muda gani. Na kwa haki hiyo hiyo, wekeni safu ya "kwa mkurugenzi". Najua wakurugenzi mko hapa mbele, na nasema haya kwa heshima. Majalada yanasubiri meza zenu. Bei zinasubiri meza zenu. Mikataba inasubiri meza zenu. Kijana wa usanifu hawezi kusimama kwenye kikao akamwambia mkubwa wake kwamba yeye ndiye anayezuia kitabu. Malezi yetu hayamruhusu. Lakini kadi ikikaa kwenye safu hiyo wiki mbili, kila mtu anaiona, na mkubwa mwenyewe anaiona kwanza, bila yeyote kuvunjiwa heshima. Mkurugenzi ambaye hataki safu yake iwepo kwenye ubao, afadhali asinunue programu kabisa.

Sasa tuifungue kadi moja tuitazame ndani. Tuseme ni kitabu cha mwanafunzi, Kiswahili, kidato cha pili. Juu kabisa kuna jina la mwenye kadi. Mmoja tu. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na kadi yenye majina manne haina mwenyewe. Mwenye kadi hubadilika kitabu kinapobadili safu: mhariri anakabidhi kwa msanifu, na makabidhiano yanaonekana pale pale, saa na tarehe. Chini yake kuna kiungo kimoja cha faili linalotumika sasa. Faili la jana linahamishiwa kwenye folda ya kumbukumbu na kiungo chake kinafutwa kwenye kadi. Uhariri wenyewe ufanyike kwenye Word au Google Docs ambako mabadiliko yanafuatiliwa. Kadi kazi yake ni kuonyesha faili lipi ndilo.

Kisha kuna vipimo. Hapa mniruhusu niingie kwenye ufundi kidogo, kwa sababu ndipo ubao unapojilipia gharama zake. Kitabu kinapigwa chapa kwa mabunda ya kurasa, mara nyingi kurasa 16 kwa bunda. Kurasa 176 ni mabunda 11 kamili. Mwandishi akiongeza zoezi la kurasa mbili mwishoni, kitabu hakiwi na kurasa 178 mbele ya mpiga chapa. Kinakwenda kurasa 192, au kinahitaji bunda dogo la ziada, na vyote viwili ni pesa. Halafu unene wa mgongo unabadilika. Kwa karatasi ya kawaida ya gramu 80, ambayo unene wake ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kurasa 176 zinatoa mgongo wa takriban milimita 9, na 192 unakaribia 10. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, lakini inatosha kulisogeza jina la kitabu lililoandikwa mgongoni likakaa upande. Kwa hiyo jalada haliwezi kukamilika kabla idadi ya kurasa haijafungwa. Zoezi la mwandishi wa Mbarara linamgusa mchora jalada wa Jinja, na hakuna kati yao anayelijua hilo.

Kwenye kadi jambo hili ni mstari mmoja wa orodha: "idadi ya kurasa imefungwa", na chini yake "jalada limekamilika". Wa pili hauwekewi alama kabla ya wa kwanza. Mwandishi akileta zoezi jipya baada ya alama hiyo, mwenye kadi anajua mara moja kwamba si suala la kurasa mbili. Anajua ampigie nani. Anaweza kumweleza mwandishi kwa upole kwamba zoezi ni zuri, na litaingia toleo lijalo, au kwamba liingie sasa lakini lingine la urefu huo litoke.

Orodha iendelee hivyo hivyo: namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, imepatikana na imelingana kwenye jalada la nyuma na kwenye ukurasa wa hakimiliki, tarakimu zote 13; ruhusa ya kila picha na kila shairi lililonukuliwa iko kwenye faili, maana Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 ipo na inatulinda sisi wenyewe pia; majina ya mada yamelinganishwa na mtaala; ukurasa wa yaliyomo umelinganishwa na kurasa zenyewe baada ya prufu ya mwisho. Huo wa mwisho unasahauliwa kuliko yote.

Na masahihisho ya mwandishi, kama lile la Mbale, yanaandikwa kwenye kadi kwa maandishi. Sheria yenyewe ni fupi: tuzungumze WhatsApp tunavyotaka, lakini uamuzi ukifikiwa, mwenye kadi anaunakili kwenye kadi siku hiyo hiyo. Kama haumo kwenye kadi, msanifu haruhusiwi kuutekeleza, hata kama ameusikia kwa masikio yake. Siku za mwanzo watu wanaona ni ukali. Lakini ofisi zilizosema "tulijaribu programu hizi zikatushinda" nyingi zilishindwa hapa. Ziliendelea kufanya maamuzi kwenye simu, ubao ukabaki nyuma siku tatu, kisha wiki, kisha watu wakaacha kuuamini. Ubao usioaminika ni mbaya kuliko kutokuwa na ubao, kwa kuwa sasa kuna majibu mawili ya swali moja.

Kuna jambo la Ohno ambalo tungefaidika nalo sana na hatulitumii. Kadi zake ziliweka kikomo cha kazi zinazoweza kukusanyika kituo kimoja. Sisi tunamrundikia mhariri miswada saba, tukidhani saba zinasonga kwa kuwa zote ziko mezani kwake. Anasoma sura mbili za huu, anaitwa kwenye ule, anarudi kwenye wa kwanza akiwa amesahau alikubali tahajia ipi ya jina la mahali. Andika juu ya safu ya uhariri: vitabu viwili kwa mhariri mmoja, visizidi. Muswada wa tatu ubaki kwenye safu ya mapokezi mpaka kimoja kitoke. Vitabu vinatoka haraka zaidi hivyo, na mhariri analala usiku. Mkiondoka hapa na jambo moja tu, natamani liwe hili, na halihitaji hata intaneti.

Mikutano nayo ifanyike mbele ya ubao. Sisi tunausoma kutoka kulia kwenda kushoto: tunaanza na vitabu vilivyo karibu kabisa na ghala, kisha kiwandani, kisha prufu, na miswada mipya mwisho. Kitabu kilichobakisha saini moja kiende kiwandani kinastahili dakika zetu za kwanza, wakati vichwa bado vimetulia. Muswada mpya unapendwa na kila mtu na utakula saa nzima ukiuacha uje mbele.

Tarehe pia zihesabiwe kurudi nyuma. Mwaka wetu wa shule unaanza kwa kawaida Februari. Kama vitabu vimechapwa India, kontena lishuke Mombasa, lipite ushuru, lipande barabara ya zaidi ya kilomita elfu moja hadi Kampala kupitia Malaba au Busia, kisha magari yapeleke Arua, Kabale na Moroto. Weka tarehe ya shule kwanza, ondoa safari, ondoa kiwanda, ondoa prufu mbili, ndipo uone ni lini hasa mwandishi alipaswa kumaliza. Programu kama Asana inaweza kuchora hatua hizo kwa mistari ili ukisogeza moja uone nyingine zinavyosogea. Kwa wengi wetu tarehe tano zilizoandikwa ndani ya kadi zinatosha.

Sasa niseme kuhusu heshima, kwa sababu programu hizi zimetengenezwa na watu ambao hawana desturi zetu. Zinatuma arifa zenyewe: kazi yako imechelewa. Kwa kijana wa ofisini hilo si neno. Lakini mwandishi wetu ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa baba zetu, au profesa aliyetufundisha sisi hapa. Mzee kama huyo hakumbushwi na mashine. Msimwingize kwenye ubao kisha mkaiacha programu imtumie barua pepe za kumdai. Arifa imfikie mwenye kadi, na mwenye kadi achukue simu: "Shikamoo Mwalimu, habari za nyumbani, poleni na kazi," kisha aulize hali ya sura ya nne. Mazungumzo hayo ndiyo yanayoleta sura ya nne. Ubao unatusaidia kujua leo ni siku ya kupiga simu hiyo, na kwamba mwenzako hajaipiga saa moja kabla yako.

Nifike kwenye gharama na mazingira yetu. Programu nyingi zina ngazi ya bure yenye mipaka ya idadi ya watu au mbao, na ofisi ya watu sita au saba inaweza kuanza hapo bila kulipa. Ngazi za kulipia zinatozwa kwa kila mtumiaji kila mwezi, kwa dola, kwa kadi ya benki. Kabla ya kulipa, hesabuni kwa mwaka mzima na kwa shilingi, na hesabuni wafanyakazi wa muda pia. Kwa ofisi yenye mtu wa kompyuta kuna programu huria kama Kanboard na WeKan, ambazo mnaziweka kwenye seva yenu wenyewe bila kununua leseni.

Bando nalo ni gharama ya kazi. Tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12. Mchoraji wa Jinja akitakiwa kufungua ubao kila siku, kuvuta prufu na kupandisha michoro mikubwa, data hiyo ni sehemu ya malipo yake na iandikwe kwenye makubaliano. Si haki kumwambia mtu tumehamia mtandaoni kisha tukamwachia yeye alipie mtandao. Michoro ya majaribio itumwe kwa faili dogo. Faili kubwa lije mara moja tu, mwishoni.

Intaneti pia inaweza kuzimwa yote. Mnakumbuka Januari 2021, wakati wa uchaguzi, nchi nzima ilikaa siku kadhaa bila mtandao. Nyumba iliyokuwa na vitabu vinavyoingia kiwandani wiki ile haikuweza kufungua faili wala ubao. Kwa hiyo kila Ijumaa mtu mmoja anashusha nakala ya ubao, anaichapa kwenye karatasi, anaibandika ukutani, na faili za vitabu vilivyo karibu na kiwanda zinakaa kwenye diski iliyo ofisini. Umeme ukikatika Jumatatu, karatasi iko ukutani na kalamu iko mezani, kikao kinaendelea.

Na kuna vitu ambavyo havipaswi kuingia kwenye ubao kabisa. Namba za akaunti za waandishi, viwango vya mirabaha, nakala za vitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inatubana, na hata isingekuwapo, mwandishi alitupa habari hizo kwa kutuamini. Mfanyakazi wa muda akimaliza kitabu, aondolewe kwenye ubao siku hiyo, bila ugomvi na bila kusubiri.

Mtauliza muanzie wapi. Msihamishe vitabu vyote kwa mpigo. Chukueni kimoja ambacho kiko katikati, si kile kilichokwama miaka na si kile kinachoingia kiwandani kesho. Chagueni mtu wa kuutunza ubao, ambaye kila asubuhi kabla ya chai anapitia kadi na kuuliza zile ambazo hazijasogea. Asiwe mkurugenzi, maana wataogopa kumwambia ukweli, na asiwe mtu aliyeanza kazi juzi, maana hawatamjibu. Kitabu hicho kimoja kifike ghalani kikiwa kwenye ubao, ndipo muongeze cha pili na cha tatu. Watu wataomba wenyewe vitabu vyao viingizwe, kwa sababu watakuwa wamechoka kuulizwa.

Ubao hauhariri sentensi. Hauwezi kujua kama kifungu cha ufahamu kinamfaa mtoto wa Karamoja ambaye Kiswahili amekisikia kambini na sokoni tu, wala kama mchoraji amemvalisha bibi nguo ambazo hakuna bibi wa huko anazivaa. Kazi hiyo inabaki kwetu, na ndiyo iliyotuleta kwenye uchapishaji. Ninachotaka ni tupate saa za kuifanya. Saa hizo leo tunazitumia kutafuta ujumbe wa sauti wa mwezi uliopita.

Meza ile ya nyuma nimeweka kompyuta yenye ubao mtupu wenye safu nilizozitaja, na karatasi za orodha ya kukagua kwa wasiopenda kutazama kioo. Aliyekuja na kitabu kinachomsumbua, anieleze kiko mikononi mwa nani hivi sasa, tuiandike kadi yake pamoja kabla hamjaenda kula. Asanteni sana kwa kunisikiliza.